King'amuzi Kipya, Dishi la Zamani

Wengi wanaohama kutoka kampuni moja ya televisheni kwenda nyingine hununua king'amuzi kwanza, mengine wakayafikiria baadaye. Mpangilio huo ndio unaowagharimu. King'amuzi ni kituo cha mwisho cha safari ndefu: mawimbi hutoka angani au kwenye mnara, yakapita kwenye dishi au antena, kwenye LNB (kichwa kidogo cha mbele ya dishi) na kebo, ndipo yakafika sebuleni. Na katika vifaa vyote hivyo, ni hicho kimoja tu ambacho hata kikishalipiwa hubaki kikiitii kampuni iliyokiuza. Dishi, nguzo, kebo na televisheni ni mali ya mwenye nyumba, na vinaweza kumtumikia chini ya kampuni tatu au nne zinazopokezana. Fedha nyingi ziende kwenye vile vinavyobaki, na kidogo kwenye kile kitakachoondoka.

Hoja hii ina uzito kwa sababu watazamaji hufuata haki za matangazo kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu, hivyo anayetaka kuwaona Simba na Yanga akiwa nyumbani anajua mlango wa kubisha. Ligi Kuu ya Uingereza nayo kwa miaka mingi imekuwa SuperSport, ndani ya DStv. Lakini mikataba ina mwisho, na kampuni zenyewe hubadili wamiliki: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, kampuni mama ya DStv na GOtv. Anayehama leo achukulie kwamba huenda akahama tena, na vifaa anavyonunua visimfunge.

King'amuzi cha setilaiti kina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea mawimbi na kuyageuza kuwa picha na sauti. Hiyo ni kazi ya viwango vya kimataifa, na kifaa chochote kilichotengenezwa kwa kiwango husika kinaiweza. Ya pili ni kufungua msimbo. Chaneli za kulipia hurushwa zikiwa zimefungwa. Funguo zake hubadilika kila baada ya sekunde chache na husafiri ndani ya mawimbi yale yale, nazo zikiwa zimefichwa. Kadi iliyochomekwa kwenye king'amuzi, au chipu inayofanya kazi ya kadi, ndiyo yenye siri ya kuzifichua. Siri hiyo hutolewa na kampuni, na kifurushi kinapoisha kampuni huacha kuihuisha. Kwa hiyo king'amuzi cha kampuni moja hakifungui chaneli za nyingine, hata kama ndani yake vipuri vinafanana kabisa. Mafundi wanaoahidi "kukiflashi" kifanye hivyo wanauza kitu kisichodumu: mara nyingi wanakiunganisha na mtandao wa watu wanaogawana funguo kwa wizi, mfumo ambao ni kosa kisheria na ambao hukatika siku kampuni inapobadilisha msimbo wake, fedha za mteja zikiwa zimeshakwenda.

Hata ile kazi ya kwanza ina mitego yake. Kenya ilipoanza majaribio ya televisheni ya dijitali ya mnara Desemba 2009 ilitumia kiwango cha DVB-T. Haikuchukua muda mrefu ikahamia DVB-T2, na ving'amuzi vya mwanzo vikageuka mapambo, kwa kuwa kifaa cha DVB-T hakiwezi kusoma mawimbi ya DVB-T2. Kwa upande wa setilaiti uhusiano wa DVB-S na DVB-S2 ni huo huo. Kuna pia namna picha inavyobanwa ili ipite kwenye nafasi ndogo: MPEG-2 ndiyo ya zamani, MPEG-4 imetawala kwa miaka mingi, na H.265 inazidi kuchukua nafasi kwa kuwa hupitisha picha ile ile kwa takriban nusu ya nafasi. Anayenunua kipokezi chake mwenyewe, kwa mfano kile cha chaneli za bure za setilaiti, asome maandishi ya kwenye boksi: kisichotaja H.265 ni cha bei rahisi kwa sababu inayoeleweka.

Juu ya paa ndiko uamuzi mkubwa ulipo, na ndiko wanunuzi wengi wasikotazama. Setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia hivi kwamba mtu aliye chini huziona kama zimesimama. Kila moja ina nafasi yake. DStv ya Afrika Mashariki hurushwa kutoka nyuzi 36 mashariki. Azam TV, iliyoanza Desemba 2013, hurushwa kutoka nyuzi 7 mashariki. Kwenye karatasi hiyo ni tofauti ya tarakimu. Kwenye paa la Dar es Salaam ni mbingu mbili tofauti. Setilaiti ya nyuzi 36 iko karibu utosini, kwenye kimo cha nyuzi 81 hivi kutoka upeo wa macho, na kwa Nairobi iko utosini hasa, zaidi ya nyuzi 88. Dishi lake hulala nyuma kama mtu anayetazama dari. Setilaiti ya nyuzi 7 iko magharibi, kwenye kimo cha nyuzi 52 kwa Dar es Salaam na 55 kwa Nairobi, na dishi lake huinuka likatazama upande jua linakozama.

Tofauti hii huamua mambo ambayo hakuna tangazo la ofa litakaloyataja. Dishi linalotazama utosini halihitaji uwanja. Laweza kukaa kwenye kibaraza chembamba kati ya majengo mawili marefu, alimradi juu yake pawe wazi. Dishi linalotazama magharibi linahitaji njia. Kwa kimo cha nyuzi 52, jengo lililolipita dishi kwa mita 10 kwenda juu litaziba mawimbi likiwa ndani ya mita 8 hivi upande wa magharibi, na mwembe wenye majani mabichi huziba vilevile, vibaya zaidi ukiwa umelowa. Mpangaji wa Kariakoo ambaye dirisha na kibaraza chake vinatazama mashariki huenda asiweze kabisa kufunga dishi la nyuzi 7 bila kupewa ruhusa ya kupanda paa. Hilo ni la kuulizwa kabla ya kulipa. Jibu la makadirio linapatikana kwa kusimama mahali dishi litakapokaa, saa za alasiri jua likiwa limeshuka hadi kati ya utosi na upeo, na kuona kama linamulika hapo.

Dishi lenyewe halina kampuni, hata likiwa limepakwa nembo. Ni bakuli la chuma linalokusanya mawimbi, na la kampuni inayoachwa linafaa kabisa kwa inayofuata likigeuzwa upande wake, mradi halijapinda wala kuliwa na kutu. Fundi anayesisitiza kwamba lazima linunuliwe jipya aombwe sababu. Ipo sababu moja ya haki, nayo ni ukubwa. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na ziada hiyo ndiyo akiba inayoliwa na mvua. Mawimbi ya setilaiti hizi hunyonywa na matone mazito, na kadiri setilaiti inavyokuwa chini ndivyo mawimbi yanavyopita kwenye mvua kwa umbali mrefu zaidi. Wakati wa masika, nyumba yenye dishi dogo linalotazama magharibi itapoteza picha mara nyingi kuliko ya jirani mwenye dishi kubwa, hata wakiwa na king'amuzi na kifurushi kimoja. Kwa anayeishi pwani, Tanga au Mombasa au Unguja, ambako mvua huja kwa kishindo, nyongeza ya fedha kwenye dishi kubwa ina faida kuliko nyongeza ile ile kwenye king'amuzi chenye mbwembwe.

LNB ni kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi. Hupokea mawimbi ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ikayashusha hadi megahezi zinazoweza kupita kwenye kebo bila kufifia sana. Ile ya kawaida inatumika kwa kampuni nyingi, lakini ving'amuzi vya kurekodi, vinavyoshika chaneli moja huku mtazamaji akiangalia nyingine, huhitaji LNB yenye matundu zaidi au aina maalumu inayopitisha yote kwenye waya mmoja. Explora ya DStv, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ni ya kundi hilo. Anayehamia king'amuzi cha namna hiyo aihesabu LNB ndani ya bei.

Kufunga LNB upya ndipo kazi nyingi huharibika. Mawimbi ya setilaiti huja kwa milalo miwili, mmoja wima na mwingine mlazo, na kwa aliye mbali na mstari wa setilaiti milalo hiyo huonekana imeinama. LNB lazima izungushwe kwenye kishikio chake ifuate mwinamo huo. Kwa Dar es Salaam mwinamo wa setilaiti ya nyuzi 7 ni tofauti sana na wa nyuzi 36, kiasi cha kuonekana kwa macho. Fundi anayeligeuza dishi tu, akaiacha LNB ilivyokuwa, atapata picha kwenye baadhi ya chaneli na kukosa nyingine, kisha atalaumu king'amuzi. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora wa mawimbi. Ule wa nguvu hupanda hata dishi likiwa limeelekezwa kwenye setilaiti isiyohusika. Ule wa ubora ndio wa kuaminiwa, na mteja anayo haki ya kuuona ukiwa umepanda kabla fundi hajashuka ngazi.

Kebo ya zamani ichunguzwe ncha kwa ncha. Kwenye kila ncha kuna konekta ndogo ya kuzungusha, na ndani yake waya mmoja wa shaba uliozungukwa na plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi nyembamba. Uzi mmoja tu wa wavu huo ukigusa shaba ya katikati, umeme unaopandishwa na king'amuzi kuiendesha LNB huwa umepigwa shoti, na skrini huandika kwamba hakuna mawimbi ingawa kila kitu ni kipya. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameshaingia, na kwa nyumba za pwani chumvi imeshafanya kazi yake. Kipande hicho hukatwa hadi ifike shaba inayong'aa. Kebo iachiwe kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye king'amuzi. Kebo nene ya RG6 ni bora kuliko nyembamba ya RG59, hasa pale dishi linapokuwa mbali na sebule. Hakuna gharama ndogo kuliko hizi, na hakuna zinazoponya malalamiko mengi kuliko hizi.

Wapo wanaotaka kubaki na kampuni mbili kwa dishi moja. Kwa setilaiti zilizokaribiana inawezekana kufunga LNB mbili kwenye bakuli moja. Nyuzi 29 kati ya 7 na 36 ni nyingi mno kwa dishi la kawaida la nyumbani, hivyo madishi mawili ndilo jibu la kweli. Kwenye jengo la wapangaji wengi, badala ya kila mmoja kutundika dishi lake, lipo suluhisho la dishi moja kubwa lenye LNB ya matundu manne na kifaa cha kugawa mawimbi kwa kila chumba. Wenye majengo wanaojenga sasa wangefanya vyema kupitisha kebo hizo ukutani kabla ya plasta.

Televisheni ya mnara ni habari fupi zaidi. Haihitaji dishi: antena ya kawaida, king'amuzi cha DVB-T2, na mnara usiozibwa na kilima vinatosha. Televisheni nyingi za miaka ya karibuni zina kipokezi cha DVB-T2 ndani, na pale ambapo matangazo hayakufungwa kwa msimbo hazihitaji king'amuzi kabisa. Mipaka yake ni ya ardhi: kwenye mabonde ya Lushoto jirani wa mteremko mmoja hupata kila kitu na wa mteremko wa pili asipate chochote. Lakini kwa chaneli za nyumbani njia hii ina thamani ambayo waliohamia setilaiti waliitambua mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozitaka kampuni za setilaiti kuziondoa chaneli za bure za ndani kwa kuwa leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia. Nyumba zilizokuwa bado na antena juu ya paa hazikutikisika. Kwa sababu hiyo antena ya zamani isishushwe wala kuuzwa kwa wanunua vyuma chakavu siku dishi linapofika.

Kuhamia intaneti kunabadili hesabu nzima. Hapa kifaa hakifungwi na kampuni: kijiti kinachochomekwa nyuma ya televisheni, au boksi dogo, hubeba programu za kampuni nyingi, na kuhama kunakuwa kufuta moja na kuweka nyingine. Linalolipiwa kila mwezi mbali na kifurushi ni njia ya kupitia. Netflix hutaja kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya chini, 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, na kwa HD saa moja yaweza kula hadi gigabaiti 3. Familia inayotazama saa mbili kila jioni kwa ubora huo inakaribia gigabaiti 180 kwa mwezi. Kwa mwenye faiba ya Dar es Salaam au Nairobi isiyo na kikomo hilo halina shida. Kwa anayenunua bando la simu, setilaiti inabaki kuwa rahisi kwa mbali, kwa sababu dishi halihesabu saa. Mpira wa moja kwa moja nao hufika kwa intaneti ukiwa umechelewa, kuanzia sekunde kadhaa hadi zaidi ya nusu dakika, na mwenye jirani wa dishi atasikia goli ukutani kabla hajaliona.

Kwenye uchaguzi wa boksi lenyewe pana hatari inayostahili kusemwa kwa sauti. Maduka yamejaa maboksi ya Android yasiyo na jina la maana, yanayoahidi chaneli zote za dunia bila malipo. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya Human Security walieleza mtandao waliouita BADBOX, wa maboksi yaliyotoka kiwandani yakiwa tayari na programu hasidi ndani. Mwaka 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya wimbi lake la pili, na Google ikafungua kesi ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Boksi la namna hiyo hukaa kwenye intaneti ile ile ambayo simu za nyumba hutumia kutuma fedha na kuingia benki. Urahisi wake haulingani na hatari hiyo.

Hata boksi lisilo na hila linaweza kumwangusha mteja. Huduma za kulipia hulinda picha zao kwa mfumo wa Widevine, na kifaa kisicho na daraja la juu la mfumo huo, L1, hupewa na Netflix picha ya ubora wa chini tu hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kifaa kilichoidhinishwa na Google pamoja na huduma husika, chenye programu za kampuni ambayo mteja anahamia. La mwisho hili lihakikishwe kabla ya kununua, maana programu inayopatikana kwenye simu huenda isipatikane kwenye televisheni. Wenye televisheni janja nao wasijione wamemaliza. Televisheni hudumu miaka kumi na zaidi, lakini programu zake huzeeka mapema: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011 ambazo skrini zake zilikuwa nzima kabisa. Kijiti cha bei ya kawaida huirudisha televisheni kama hiyo kazini, na ni bora kuliko kuibadilisha.

Televisheni za zamani zenye kichogo hazina tundu la HDMI. Mwenye nayo atafute king'amuzi kilicho pia na matundu ya rangi tatu, njano ya picha na nyekundu na nyeupe za sauti. Si vyote vipya vinavyo. Kwenye nyumba za sola ni vyema kusoma kibandiko cha adapta: ving'amuzi vingi vidogo hutumia volti 12, hivyo vinaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa betri kupitia kidhibiti chake, bila kupoteza umeme kwenye kigeuzi. Vile vikubwa vya kurekodi vina diski ndani na vinahitaji umeme usiokatikakatika.

King'amuzi kilichotumika huuzwa nusu bei, na mara nyingi ni ununuzi mzuri kikiwa cha kampuni ambayo mnunuzi anahamia. La kuangalia ni usajili. Namba ya kadi au ya kifaa imefungwa kwenye akaunti ya mtu, pengine kwenye namba ya simu isiyopatikana tena, na muuzaji asipoihamisha kwa jina la mnunuzi wakiwa wote wawili mbele ya wakala, mnunuzi atakuwa na kifaa asichoweza kukisemea kikipata tatizo. Tahadhari hiyo inawahusu zaidi wanaovusha ving'amuzi mpakani. Mawimbi ya setilaiti humwagika Kigoma na Bujumbura kwa pamoja bila kujua mpaka, ila haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi, na kampuni yaweza kuizima kadi ya nchi moja inayotumika nyingine bila kurudisha fedha. Aliye London hana hata nafasi hiyo, kwa kuwa boriti zinazobeba chaneli hizi zimeelekezwa Afrika. Kwake njia iliyobaki ni programu ya kampuni husika, pale haki zake zinaporuhusu.

Siku ya kuhama, king'amuzi kinachoachwa kitolewe kadi, akaunti yake ifungwe kwa maandishi ikiwa mkataba una malipo ya kila mwezi, na mkataba usomwe kama kifaa kilikuwa cha mkopo kinachotakiwa kurudishwa. Kikiwa mali ya mteja, kihifadhiwe pamoja na rimoti na adapta yake angalau msimu mmoja wa ligi: kampuni iliyoachwa mara kwa mara huwaita wateja wake wa zamani kwa ofa ya kulipia kifurushi peke yake, na aliyekitunza hurudi bila kununua kifaa.